Mishipa ya Lori Dogo

Boksi la lori la plastiki lililotoka kiwanda cha AMT, mjini Troy, Michigan, katika miaka ya 1970 halikuwa na uchoyo. Ndani yake mlikuwa na chesisi, injini kamili ya dizeli, kebini na viti vyake, matangi ya mafuta yenye kromu, mabomba mawili ya moshi ya kusimama wima na matairi meusi ya kumtosha mtoto kucheza wiki nzima. Aliyeviunganisha vyote bila haraka alipata kichwa cha lori chenye urefu wa karibu sentimita 30, katika skeli ya 1:25, kizuri cha kuweka juu ya kabati. Ila angemwonyesha dereva wa kweli, dereva angeinama, angechungulia chini ya kebini, kisha angeuliza: hili linasimamishwa na nini?

Maana lori la boksi lilikosa upepo. Chemba za breki zilikuwepo kwenye ekseli, aghalabu uvimbe tu wa plastiki, na mitungi ya upepo ilining'inia pembeni mwa chesisi, lakini katikati hapakuwa na bomba hata moja la kuviunganisha. Injini nayo ilikaa peke yake, bila mpira wa maji kwenda kwenye hita, bila waya kutoka kwenye betri, bila njia ya dizeli kutoka kwenye tangi. Kiwanda kilitoa mifupa na ngozi. Mishipa iliachwa kwa mnunuzi, na historia ninayoisimulia hapa ni ya wanunuzi hao.

AMT haikuanza na malori, wala haikuanza na watoto. Mwaka 1948 wakili mmoja wa Detroit, West Gallogly, alianzisha biashara ya pembeni ya kutengeneza magari madogo ya kutangazia magari makubwa. Herufi tatu za jina la biashara hiyo zilisimamia Aluminum Model Toys, kwa kuwa yale ya kwanza, ya umbo la Ford, yalimiminwa kwa aluminiamu. Muda si mrefu yakawa ya plastiki. Wauzaji wa magari waliyaweka mezani ili mteja aone umbo na rangi za mwaka mpya, na mteja mwenye bahati aliondoka na moja mfukoni kwa ajili ya mwanawe. Plastiki ya wakati huo, asetati, ilikuwa na kasoro mbaya: ilijikunja kadiri miaka ilivyopita. Ndiyo sababu magari mengi ya matangazo ya miaka ya 1950 yaliyobaki leo yana migongo iliyopinda, yakionekana kama yaliachwa karibu na jiko.

Mwaka 1958 AMT ilitoa maboksi ambayo mnunuzi aliweza kuunda gari lilelile kwa namna tatu: kama lilivyotoka kiwandani, kama la mashindano, au kama lililobadilishwa na vijana wa mitaani wa California waliokuwa wakikata paa na kushusha springi. Hapo ndipo mchezo ulipobadilika. Aliyechagua kati ya namna tatu alizoea kujiuliza juu ya namna ya nne, ambayo haikuwemo kwenye boksi. Mapema miaka ya 1960 vijana waliopeleka magari yao kwenye mashindano ya modeli walikuwa tayari wanatoboa plagi za plastiki na kupitisha uzi wa kushonea kutoka kwenye kila plagi hadi kwenye distribyuta. Injini ya silinda nane ilitaka nyuzi nane na moja ya koili. Majaji walianza kuzihesabu, na asiye na nyuzi akaanza kushindwa.

Malori yalichelewa. Kalebu ya chuma ya kumiminia plastiki ni mali ghali, na lori lina vipande vingi kuliko gari dogo, hivyo kiwanda kilitaka kujua kwanza kama kuna wa kununua. Jibu lilipatikana mwanzoni mwa muongo wa 1970, AMT ilipotoa Peterbilt 359 na kulipa jina la California Hauler. Lori lenyewe, la kweli, lilikuwa limeingia barabarani mwaka 1967. Uteuzi huo ulikuwa wa akili. Peterbilt ilizaliwa Oakland mwaka 1939, mfanyabiashara wa mbao T. A. Peterman aliponunua mali za kampuni ya Fageol apate malori ya kubebea magogo. Ni lori la magharibi ya Marekani, lenye pua ndefu na kromu nyingi. Kule mashariki, sheria za majimbo zilipima urefu wa lori na tela kwa pamoja, kwa hiyo matajiri wengi walinunua malori ya kebini juu ya injini, yasiyo na pua, ili tela ipate nafasi. AMT haikuwasahau hao: zikafuata Kenworth K-123, Peterbilt 352, GMC Astro 95 na nyingine. Bunge lilipoondoa vipimo hivyo kwa sheria ya shirikisho ya 1982, kebini bapa zilianza kupotea barabarani. Leo mtu anayetaka kuona GMC Astro hana budi kwenda makumbusho, au kufungua boksi.

Kisha dunia nzima ya Marekani ikamgeukia dereva wa lori. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilifunga mafuta, na Januari 1974 Rais Nixon akasaini sheria ya kushusha mwendo hadi maili 55 kwa saa, yaani chini kidogo ya kilomita 90. Madereva wenye malori yao wenyewe waligoma na kufunga barabara. Walikuwa wakionyana kuhusu mitego ya polisi kwa redio ndogo za CB, na ghafla kila mwenye gari akataka redio hiyo. Televisheni ya NBC ilirusha Movin' On kuanzia 1974 hadi 1976, hadithi ya madereva wawili na Kenworth yao ya kijani, na AMT ikauza Kenworth W-925 yenye jina la kipindi hicho kwenye boksi. Zikaja filamu: Smokey and the Bandit mwaka 1977, Convoy mwaka 1978. Ertl, kampuni ya Iowa iliyoanza mwaka 1945 Fred Ertl alipoyeyusha aluminiamu ya pistoni kuukuu za ndege za vita ili kumimina trekta za kuchezea, nayo ikaingia na maboksi ya International Transtar na lori la zege la Mack.

Umaarufu huo ulileta waungaji wa aina mbili mezani, na hawakufanana.

Wa kwanza alitoka kwenye magari madogo. Huyu alijua nyuzi za plagi, na mara nyingi alizileta kwenye lori. Lakini dizeli haina plagi za kuwashia. Mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Kwa hiyo kulionekana malori yaliyopakwa rangi kwa ustadi wa kupendeza, yakiwa na injini ambayo isingeweza kuwepo duniani. Wa pili alikuwa dereva, fundi wa gereji au mtoto wa mmoja wao. Rangi yake huenda ilikuwa na michirizi, lakini alijua kuwa Caterpillar na Mack za miaka ile zilikuwa na pampu inayosukuma dizeli kupitia kijibomba cha chuma hadi kila silinda, na kwamba vijibomba hivyo huinamiana kwa mpangilio. Alijua pia kuwa Detroit Diesel ya mfululizo wa 71 haina vijibomba hivyo, kwa sababu injekta zake hutengeneza shinikizo zenyewe chini ya kifuniko cha valvu. Ukimtazama mtu aliyeijua Detroit Diesel akiunda injini yake ndogo, utamwona anaacha vitu. Kuacha nako ni ujuzi, na kwa maoni yangu ndio mgumu zaidi katika kazi hii yote.

Breki ndizo zilizowakutanisha. Mfumo wa breki za upepo, ambao George Westinghouse aliuanzishia treni mwaka 1869, ni rahisi kuufuata kwa kidole. Kompresa iliyo ubavuni mwa injini inavuta hewa na kuipeleka kwenye mitungi. Kutoka kwenye mitungi hewa inakwenda kwenye valvu iliyo chini ya kanyagio, kisha kwenye chemba za breki za kila gurudumu. Nyuma ya kebini kuna mabomba mawili yanayovuka kwenda kwenye tela. Marekani, kwa desturi, moja ni la bluu, linalobeba amri ya mguu wa dereva, na la pili ni jekundu, linalojaza mitungi ya tela. Likikatika hilo, tela inajifunga breki yenyewe. Pamoja nayo kuna kebo ya umeme wa taa. Msomaji aliyewahi kusubiri kwenye foleni ya mizani ya Mariakani au Kibaha atakuwa ameona jekundu na la njano, kwa sababu malori mengi ya kwetu yanafuata utaratibu wa Ulaya. Muungaji makini wa Scania hapaki bluu.

Bomba la upepo lenye unene wa milimita 13 linakuwa nusu milimita katika skeli ya 1:25. Hakuna kalebu ya wakati huo iliyoweza kumimina kitu cha aina hiyo kikatoka bila kuvunjika, na kalebu ya pande mbili haiwezi hata kidogo kutoa bomba linalopinda nyuma ya ekseli na kurudi. Kwa hiyo upungufu wa boksi ulitokana na fizikia kama ulivyotokana na bei. Waungaji walikwenda kutafuta kwingine. Waya wa risasi wa kulehemu ulipendwa kwa sababu unakubali kupindwa na kubaki ulivyopindwa. Nyaya za simu zilikuja na rangi zake tayari. Uzi wa juu wa gitaa, wa chuma, ukawa antena ya CB, na kwa kuwa madereva wengi walifunga antena mbili, moja kila upande kwenye vioo, uzi mmoja ulitosha malori mengi. Uzi mzito wa gitaa, ule uliozungushiwa waya, ukawa bomba lenye kivita cha chuma. Pini za kushonea, zikikatwa vichwa, zikawa vifundo. Keekee ya kuzungushwa kwa vidole, yenye ncha nyembamba kama sindano, ilitoboa tundu la kila kiungo, na tone la supagluu likashika. Watoto wa kwetu waliounda malori ya waya na matairi ya ndala wangeielewa meza hiyo mara moja, ingawa wao walianza na kitu ambacho Wamarekani walikiacha mwisho, yaani usukani unaokata kona kweli.

Serikali ya Marekani nayo ilichangia kuwatesa waungaji. Mwaka 1975 kanuni mpya ya breki za upepo, iliyojulikana kwa namba 121, ilianza kutumika, ikidai mfumo uliogawanywa ili sehemu moja ikiharibika nyingine isalie, pamoja na kizuia magurudumu kufungika. PACCAR, mmiliki wa Peterbilt na Kenworth, alikwenda mahakamani, na mwaka 1978 mahakama ya rufaa ikaliondoa dai la kizuizi hicho. Kwa jaji wa mashindano, haya ni habari nzito. Lori lililoandikwa mlangoni kuwa ni la 1972 halipaswi kuwa na mabomba ya 1976. Nimeona picha za modeli zilizosifiwa sana ambazo zinachanganya miaka hiyo bila aibu. Najua ni wachache tunaosumbuka.

Kromu ilikuwa vita vya peke yake. Kiwandani, vipande hufunikwa kwa mvuke wa aluminiamu ndani ya chumba kisicho na hewa, vikiwa bado kwenye vijiti vyake. Ukivikata, kila kipande kinabaki na kovu jeupe pale kilipokuwa kimeshikwa, na tangi la mafuta linalotengenezwa kwa nusu mbili linabaki na mstari katikati. Tangi la kweli la aluminiamu halina mstari huo. Dawa iligundulika jikoni: maji ya kung'arishia nguo, yale ambayo Mwafrika Mashariki anayaita Jik, huondoa kromu yote kwa muda mfupi. Kisha mtu anaunganisha nusu zake, anajaza ufa, anapiga msasa hadi mstari upotee. Baadaye ndipo swali la kurudisha mng'ao linapokuja, na kila kizazi kimekuwa na jibu lake. Bare-Metal Foil, karatasi ya chuma nyembamba mno yenye gundi, ililala vizuri kwenye fremu za madirisha lakini ilikunjana kwenye matangi ya mviringo. Rangi za Alclad zilitaka msingi mweusi unaong'aa na mkono usiotetemeka. Kalamu ya kromu ya Molotow kutoka Ujerumani ilirahisisha mambo kiasi kwamba wazee wengine waliiona kama udanganyifu.

Na uchafu je? Hapa malori yalikuwa nyuma ya treni na vifaru. Mpiga picha John Allen, wa Monterey, California, alijenga ndani ya nyumba yake reli ndogo aliyoiita Gorre & Daphetid, na picha zake kwenye magazeti ya waungaji wa treni ziliwashangaza watu kwa sababu mabehewa yake yalikuwa na kutu, masizi na mbao zilizopauka. Wengine walikuwa wakipaka na kung'arisha. Yeye alipaka kisha akachafua. Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza sehemu kubwa ya reli yake. Picha zilibaki, na ziliendelea kufundisha. Miaka hiyohiyo kampuni ya Monogram iliweka ndani ya maboksi yake ya vifaru na ndege karatasi za Shep Paine wa Chicago, zilizoonyesha namna ya kuunda tukio zima, lenye tope, askari na ukuta uliobomoka. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1980.

Waungaji wa malori walisita kuyapokea hayo, na sababu yao ilikuwa na uzito. Lori la 359 lilikuwa fahari ya mwenyewe. Wako madereva waliopangusa matangi kila kituo. Lori la kubeba zege ni jambo jingine. Polepole ikaeleweka kwamba uchafu nao una ramani. Masizi hukaa juu ya bomba la moshi na kwenye paa nyuma yake. Grisi nyeusi hung'aa kwenye sahani ya kuungia tela, na kwa nje yake vumbi huinywa grisi hiyo ikawa tope zito. Chumvi inayomwagwa barabarani majimbo ya kaskazini wakati wa baridi huacha utando mweupe kuanzia magurudumu kwenda juu. Vumbi hukaa kwenye ngazi isipokuwa pale kiatu kinapokanyaga. Unga wa chaki za rangi, ukipakwa kwa brashi laini, uliyafanya hayo yote. Rangi yenyewe ilihitaji kuwa nyembamba: tabaka la sehemu moja ya kumi ya milimita, likikuzwa mara 25, ni milimita mbili na nusu, na hakuna gari lililopakwa rangi nene namna hiyo. Tabaka kama hilo hufukia ribiti zote za kebini.

Makampuni yalipanda na kushuka. Lesney ya Uingereza, wenye magari ya Matchbox, waliinunua AMT mwaka 1978, wakafilisika mwaka 1982, na mwaka uliofuata Ertl ikaichukua. Hamu ya malori ilikuwa imepoa na maboksi mengi yakaacha kutolewa. Ajabu ni kwamba kazi ya kuongeza vitu vidogo ilistawi kipindi hicho hicho cha njaa. Asiyepata lori jipya alikuwa na muda wa kulishughulikia la zamani. Gazeti la Scale Auto Enthusiast, lililoanza mwaka 1979, liliwapa mahali pa kuonyeshana, na watu waliokuwa wakijitengenezea vipande wakaanza kuvitengeneza vya kuuza. Mtu alichonga kebini ya kulala au injini ambayo AMT haikuwahi kuitoa, akaimwagia silikoni kupata kalebu laini, kisha akamimina resini. Silikoni hunyumbuka, kwa hiyo inaachia maumbo ambayo chuma kingeyavunja, ingawa baada ya kumimina mara kadhaa inachanika. Mabamba ya shaba yaliyochongwa kwa asidi yalileta nembo, vioo vya pembeni na nyavu za radieta ambazo hewa ingeweza kupita kweli. Italia nayo ilijitokeza: Italeri, ya karibu na Bologna, ilianza kuwatolea watu wa Ulaya malori yao wenyewe katika skeli ya 1:24, Volvo, Scania, Mercedes na DAF, na mashabiki wa Uholanzi na Skandinavia wakayapamba kwa taa na michoro kama yalivyo ya kweli katika nchi hizo.

Vipande vya kununua vilizua ubishi ambao haujaisha. Zamani mabomba yako yalionyesha unachokijua. Sasa yanaweza kuonyesha ulichokilipia. Mashine za bei nafuu za kuchapa resini kwa mwanga, zilizoenea kuelekea mwaka 2020, zimeuzidisha: mtu anachora kiungo cha bomba la upepo kwenye kompyuta, na kwa usiku mmoja anavyo mia, vyote sawasawa, vyenye nyuzi za kufungia zinazoonekana kwa lenzi tu. Mimi siwalaumu wanaonunua. Kichwa cha lori kina viungo vingi mno, na macho yanazeeka. Lakini kiungo kilichochapwa hakimwambii mtu kiende wapi, na bado ninaona malori ambayo bomba la kila rangi limechomekwa kwenye tundu lililokuwa karibu.

Siku hizi jina la AMT liko mikononi mwa Round 2 ya South Bend, Indiana, ambayo inarudisha sokoni maboksi yaleyale ya miaka ya 1970, kalebu zilezile na nembo zilizochapwa upya kwa ubora usio na mfano. Karibu na 2010 Moebius Models wa Florida walitoa International LoneStar, lori la kisasa lililochongewa kalebu mpya, jambo ambalo waungaji wa Marekani walikuwa wamekata tamaa ya kuliona. Wengi hujaribu kuifikisha Kenworth ya zamani kwenye miaka hii kwa kubadili magurudumu na nembo. Haifiki. Tangu kanuni za moshi za 2007 bomba la moshi lina chujio kubwa la masizi, na kanuni za 2010 zikaongeza, kwa karibu kila lori jipya, tangi la pili, dogo, la maji ya urea. Kulitengeneza si kazi: kipande cha mrija wa plastiki, mikanda miwili ya kukishikia, na kijibomba kinachoelekea kwenye moshi. Kifuniko chake kipakwe bluu.